Taa Isiyopunguzwa

Muuza taa alikwisha kuona wateja wa kila namna, ila hakuwahi kumwona anayezijaribu balbu kwa mkono wake mwenyewe. Mwanamke huyu aliegemea kaunta, akaunyoosha mkono wa kushoto chini ya holda ya majaribio, na kila balbu moja ilipochomolewa na nyingine kuchomekwa, aliugeuza mkono huo kiganja juu, kiganja chini, kama anayechagua kitambaa. Ulikuwa mkono wa rangi mbili. Kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko ngozi ilikuwa imeachwa na rangi yake, mabaka meupe yametapakaa juu ya kahawia ya kuzaliwa, na mengine kama hayo yalimzunguka mdomo na jicho moja.

"Hii inanidanganya," alisema. "Lete nyingine."

"Mama, hii LED ya njano ndiyo inayopendwa. Mwanga wake mtulivu, nyumba inakuwa kama hoteli."

"Ndiyo maana nasema inanidanganya. Chini ya hii mkono wangu wote unakaribia kuwa rangi moja. Mimi najua si rangi moja, na wewe unajua, ila umeona haya kusema."

Muuzaji akakohoa, akajishughulisha na maboksi. Mwanamke akatoa mkobani fungu la kadi ndogo za rangi, akazipanga juu ya kaunta. Kazi yake ilikuwa kuchanganya rangi za kupaka nyumba katika duka moja la vifaa vya ujenzi, na watu walimwita Mama Rangi. Mteja akileta kipande cha plasta kilichobanduka, au kifungo cha koti la marehemu baba yake, akataka ukuta wa rangi ileile, Mama Rangi alichanganya, akapaka kidogo kwenye kadi, kisha akatoka nayo hadi barabarani, juani. Hakuamini rangi yoyote iliyoonwa ndani ya duka tu. Jina lenyewe lilikuwa la heshima hadi mabaka yalipomtokea usoni, ndipo wengine wakaanza kulitamka kwa sauti nyingine.

Muuzaji akainama, akatoa boksi kutoka rafu ya chini. "Hizi hununuliwa na vinyozi na mafundi cherehani. Si za njano, na si zile za buluu zinazomfanya kila mtu aonekane mgonjwa. Kitu kinaonekana kilivyo."

Akaichomeka. Nyekundu ya kadi ikawa nyekundu, kijani ikawa kijani, na mkono wa Mama Rangi ukaonekana wote, kila baka na mpaka wake. Aliogopa. Kisha akakasirika kwa sababu ya kuogopa, na hasira hiyo ikamsaidia kufungua pochi.

"Nipe za nyumba nzima."

"Hata chumba cha kulala?"

"Chumbani nipe hizo zako za njano. Usingizi hauna haja na ukweli."

Shauri hili alilikata siku wifi yake alipokuja kupanga ugeni. Wazee wa kijana anayetaka kumwoa binti yake walikuwa wanakuja Jumamosi jioni, kwa mara ya kwanza, kuwaona wazee wenzao. Wifi, dada wa mumewe, alikaa kitako, akahesabu vikombe, akachagua vitambaa vya meza, halafu, kwa sauti ya mtu anayekumbushia chumvi, akasema kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayekaa na wageni mahali pa mama. Alikwisha kuwatumia salamu kwamba mama mtu amesafiri.

"Nimesafiri kwenda wapi?" Mama Rangi aliuliza.

"Wifi, usinielewe vibaya. Watu hawajui mambo haya. Wataona uso, wataanza kuuliza ni nini, ni cha nani, kimetoka wapi. Tufunike kombe mwanaharamu apite."

"Na kombe ni mimi."

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Taratibu kwa jinsi neno hilo lisivyokauka kinywani mwake, alikuwa akikoroga chai iliyokwisha kukorogeka. Binti alitazama kucha zake. Kimya cha mume Mama Rangi alikizoea, lakini kile cha binti kilimchoma, kikabaki pale kilipomchoma.

Usiku ule hakumlaumu mtu. Alikaa sebuleni peke yake akaitazama, na kwa mara ya kwanza akaona jinsi chumba kile kilivyokuwa na giza. Jirani alikuwa amejenga ghorofa iliyoziba madirisha, kwa hiyo taa ziliwashwa tangu mchana, na taa zenyewe zilikuwa balbu za zamani zinazoongozwa na swichi ya kuzungusha: ukiisogeza huku mwanga unapanda, ukiisogeza huku unashuka. Mumewe ndiye aliyeileta, miaka sita nyuma, mabaka yalipokuwa mapya. Alisema itapunguza umeme na kupumzisha macho. Mama Rangi aliipokea kama zawadi, na ilikuwa zawadi kweli, kwa sababu siku zile hakutaka kuonwa hata na paka. Swichi ile haikuwahi kuvuka katikati.

Jumamosi asubuhi akamwita Fundi Fyuzi. Jina hilo alilipata kwa sababu kila ugonjwa wa umeme, uwe wa feni, uwe wa friji, yeye kwanza aliutafuta kwenye fyuzi. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mikono safi. Alianza jikoni, akabandika ukanda mwembamba wa taa chini ya makabati ili anayekata vitunguu asijikate na kivuli chake. Bafuni akaweka taa yenye kifuniko kisichoingiza mvuke, kwenye korido akaweka mbili, na barazani moja ya kumulika ngazi. Binti alimshikia ngazi na kumpa bisibisi, akimtania kuhusu fyuzi, akimkwepa mama yake macho.

Sebuleni mambo yakaharibika. Fundi alipowasha, taa zote nne za dari zilipepesa, zikafifia, zikatoa mlio mwembamba kama wa mbu, zikapepesa tena.

"Fyuzi?" binti akauliza.

"Leo si fyuzi," fundi akasema, akaonekana kusikitika kidogo. Akagonga ukucha kwenye swichi ya kuzungusha. "Ni hiki kidude. Hiki kazi yake ni kuubania umeme, balbu ipate kidogo kidogo. Zile za zamani zilivumilia. Hizi mpya hazielewani nacho kabisa. Chagua, mama. Nirudishe balbu za zamani, au niking'oe hiki niweke swichi ya kawaida."

"Rudisha za zamani," sauti ikasema mlangoni.

Bwana Taratibu alisimama pale na shati la ugeni mkononi, bado lina joto la pasi. "Wageni wanafika jioni, mke wangu. Si siku ya kubomoa ukuta. Taratibu. Wiki ijayo tutatafuta swichi ya kuzungusha inayopatana na hizo taa. Bila shaka zipo."

"Zipo," fundi alikiri. "Madukani zipo."

"Sitaki inayopatana," Mama Rangi akasema.

Mumewe akashusha sauti kwa sababu ya fundi. "Niliiweka kwa ajili yako. Ulikuwa unalia kila ukipita mbele ya kioo. Umesahau?"

Hakuwa amesahau. Alikumbuka hata harufu ya mkono wa mumewe siku ile alipoizungusha mara ya kwanza na kumwambia, haya sasa, kaa upumzike. Alimpenda sana siku ile. Alimpenda hata sasa, na ndiyo maana maneno yalimtoka kwa shida.

"Nililia mwaka mmoja, Baba watoto. Swichi ina miaka sita. Hiyo mingine mitano ilikuwa kwa ajili ya nani?"

Fundi Fyuzi akaanza kusafisha bisibisi isiyo na uchafu. "Mimi ni fundi umeme," alimnong'oneza binti. "Ndoa siungi."

Bwana Taratibu alilikunja shati alilotoka kulinyoosha. Mkewe alimngojea akane, na alikuwa na jibu tayari. Badala yake alisema, "Kwa ajili yangu. Kazini, msibani, harusini, popote, watu waliniuliza mkeo ana nini. Nilichoka kuulizwa."

Mama Rangi akatazama kile kidude cha duara, plastiki yake imekuwa ya njano kwa kushikwashikwa, na akajua kwamba vidole vilivyokishika zaidi ni vyake. Mlango ukibishwa, kabla ya kusema karibu, yeye ndiye aliyekuwa akikimbilia kukishusha. Mumewe alikileta tu nyumbani, lakini mtumiaji alikuwa yeye. Likamuuma hilo kuliko la wifi, na halikumpunguzia hasira hata kidogo.

Akatoka hadi kwenye korido, akashusha swichi kuu. Nyumba ikawa giza mchana kweupe.

"Ng'oa," akasema.

Taa ziliporudi zilisimama imara, hazikupepesa wala kulia. Sebule ikajulikana upya. Kochi walilodhani la kahawia lilikuwa la kijani iliyokoza. Utando wa buibui ulikuwa umejenga pembeni mwa dari bila kubughudhiwa na mtu, na ukutani palionekana alama ya kichwa cha mwenye nyumba, pale anapoegemea kila jioni. Mume alienda kulipiga pasi tena shati lake, fundi akatoka barazani kukusanya vyombo vyake, na mama na binti wakachukua vitambaa vya kufuta vumbi.

Binti alinyoosha mkono kufikia rafu ya juu, mkono wa gauni ukateleza. Jicho la Mama Rangi halikuhitaji kuitwa. Ndani ya kifundo cha mkono wa binti palikuwa na poda iliyopakwa vizuri sana, kwa uangalifu, na rangi yake haikuwa sahihi. Ilizidi wekundu kidogo. Kwa taa za jana isingeonekana. Dukani mchanganyiko kama ule angeurudisha nyuma.

"Nani amekuchanganyia rangi hiyo?"

Binti aliganda, mkono ungali juu. Mama akaushika, akaushusha, akaufuta kwa ncha ya kitambaa chenye unyevu. Baka lilikuwa dogo, ukubwa wa kifungo cha shati, jeupe kabisa.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilizopita."

"Mwenzio anajua?"

"Yeye ndiye aliyeliona kwanza. Mama yake hajui."

"Na mimi je? Mbona mimi sijui?"

"Ungejilaumu." Binti alisema bila kumtazama. "Shangazi ndiye aliyeninunulia poda. Alisema wakikuona wewe, wataanza kunichunguza mimi. Ndiyo sababu ya safari."

Mama Rangi akakaa kwenye kochi la kijani. Vita alivyodhani ni vyake peke yake vilikuwa na mtu mwingine ndani yake, na mtu huyo ni mtoto aliyemlea katika nyumba ambayo jambo hili halitajwi, taa zinashushwa, mlango unabishwa na mama anatoweka jikoni. Angejifunza nini kingine kama si poda? Akazitazama taa zake mpya, na kwa mara ya kwanza tangu dukani akatamani kile kidude kingekuwa bado ukutani.

"Sema neno moja tu," alimwambia. "Fundi yuko barazani. Zitarudishwa za zamani na mimi nitaingia chumbani. Kwa ajili yangu nisingekubali hata kwa mtutu. Kwa ajili yako nitakubali, na sitakudai shukrani."

"Na wewe unataka nini?"

"Mimi nataka kukaa hapa. Uso ni wangu, nimekata shauri nao. Mkono ni wako."

Binti aliliangalia baka kwa muda mrefu, kama kitu alichookota. Kisha akachukua ndoo, akaenda jikoni. Mama Rangi alimsikia akifungua maji. Akasubiri aitwe, hakuitwa, na hakujua amekubaliwa au amekataliwa.

Wifi alifika kabla ya wageni, akasimama mlangoni amejikinga macho. "Mbona nyumba inang'aa kama duka la simu? Hebu punguzeni hizi."

"Hazipungui, wifi. Zinawaka au zinazimwa."

Ndipo wifi alipomwona vizuri, amekaa katikati ya kochi na gauni lake la mikono mifupi. "Lakini tumekwisha kuwaambia umesafiri."

"Basi waambie nimerudi."

"Uso umeumbwa na haya, ndugu yangu."

"Wangu umeumbwa na rangi mbili. Hiyo haya niliazimwa, nimeirudisha kwa wenyewe." Alitulia kidogo. "Na poda uliyomnunulia mwanangu haikulingana. Ungekuja kuniuliza. Kulinganisha rangi ndiyo kazi inayonilisha."

Wifi akamtafuta kaka yake kwa macho, naye Bwana Taratibu, ndani ya shati lililopigwa pasi mara mbili, akajifanya ananyoosha kitambaa cha meza.

Wageni walikuwa wawili: mama wa kijana, mwanamke mrefu mwenye miwani, na kaka wa mama huyo, mtu mnene aliyesalimia kwa furaha hadi alipofika mbele ya kochi. Kijana mwenyewe hakuja. Wazee walitaka waonane wao kwanza. Mama Rangi alisimama, akawapa mkono wake wa rangi mbili. Mama wa kijana aliupokea, ingawa alikawia kidogo. Wakakaa. Hakuna aliyejua pa kuweka macho, maana mwanga ulikuwa kila mahali.

"Tuliambiwa mama mtu amesafiri," mgeni alisema.

Wifi akavuta pumzi ya kujibu. Mama Rangi akamtangulia. "Sikusafiri, mama mwenzangu. Nilikuwa humu humu ndani, mwaka hadi mwaka. Ni wageni tu waliokuwa hawanikuti."

Mumewe akainuka kwenye kiti chake cha pembeni. Alikivuta kikakwaruza sakafu, kelele ya kutia aibu, akakiweka kando ya mkewe, upande ule wenye jicho lililozungukwa na baka, akakaa. Kwa mtu kama yeye, hiyo ilikuwa hotuba.

"Ni ugonjwa?" mjomba wa kijana aliuliza, na dada yake akamkata jicho, ila hakulifuta swali.

"Ngozi imeacha kutengeneza rangi yake. Haiumi, haiambukizi. Wengine huwatokea wakiwa watoto, mimi ilinijia na mvi."

Mama wa kijana akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni. Bila miwani uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka, si wa mtu mbaya. "Naomba unisamehe kwa kuuliza. Mimi ni mama, na wewe ni mama. Inarithiwa?"

Uongo ulikuwa karibu sana. Ulikuwa mfupi, wenye adabu, na kila mtu chumbani angeupokea kwa shukrani. Mama Rangi aliuona ulivyo, akauacha.

"Wakati mwingine," alisema. "Daktari alisema yaweza kupita kwenye damu, yaweza isipite. Hakuna mwenye kukuahidi."

Swali lililofuata lilikuwa limekwisha kukaa kitini miongoni mwao kabla halijasemwa. Wifi alitazama sakafu. Mjomba alitazama dari, akaumia macho.

"Na binti?" mgeni akasema.

Mama Rangi angemkinga mtoto kwa mwili wake, lakini kukinga ndiko kulikowafikisha hapa. "Binti ana mdomo wake," alijibu. "Anakuja na chai."

Vikombe vilisikika kwenye korido kabla ya mwenyewe kuonekana, vikigongana kidogo. Binti aliingia. Mikono ya gauni alikuwa ameikunja hadi viwikoni. Alipiga goti, akaweka sinia mezani, akamimina kikombe cha kwanza, akakisogeza mbele ya mama wa kijana. Chai ilikwisha kumiminwa, kikombe kilikwisha kufika, lakini mkono wake haukurudi. Aliuacha pale mezani, kiganja juu, kifundo kikiwa kimeoshwa na kukaushwa, hakina poda hata chembe.

"Karibu, mama," alisema. "Naomba uniangalie vizuri kabla hujaniita mwanao."

Macho ya Mama Rangi yalijaa maji, na hakuyafuta, kwa sababu kuyafuta kungemlazimu ainamishe kichwa. Mama wa kijana alirudisha miwani usoni. Aliutazama mkono ule, akamtazama msichana, akamtazama mama yake. Kisha akanyoosha mkono wake mwenyewe mezani, polepole, na hakuna aliyejua bado kama ulikuwa unakifuata kikombe au kifundo cha binti. Mama Rangi hakutazama chini.